Mirija ya Kauri Katika Vinu vya Nyuklia

Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea baharini, kaskazini-mashariki ya Japani. Vinu vya nyuklia vya Fukushima vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimika vyenyewe, kama ilivyokusudiwa. Lakini kinu cha nyuklia si jiko la kuni. Hata kikizimwa, urani iliyomo huendelea kutoa joto kwa siku nyingi, nayo haina budi kupozwa kwa maji. Mawimbi ya bahari yakazigharikisha jenereta, pampu zikasimama, maji yakachemka hata yakapungua.

Urani hutiwa katika mirija myembamba ya zirkoni, chuma kisichoshika kutu upesi. Siku za kawaida mirija hiyo haina kasoro kubwa. Joto likifika yapata digrii 1,200 za Selsiasi, zirkoni huinyang'anya mvuke oksijeni yake, huongeza joto juu ya joto, na kuacha haidrojeni. Haidrojeni hiyo ndiyo iliyolipua majengo matatu ya vinu kati ya tarehe 12 na 15 Machi. Halikuwa bomu la atomiki.

Tangu wakati huo wataalamu wa Marekani, Japani na Ufaransa wameongeza juhudi za kutengeneza mirija ya kauri iitwayo silikoni kabaidi. Kauri hiyo haiyeyuki katika joto liyeyushalo zirkoni, na mvuke huila polepole mno. Ila kila mpishi aijua tabia ya chungu: hustahimili moto, lakini kikigongwa hupasuka. Dawa yake yafanana na fito katika ukuta wa udongo. Nyuzi za kauri ile ile husukwa kuwa mrija, kisha nafasi zilizobaki hujazwa kauri. Ufa ukianza, nyuzi huuzuia. Nyuzi hizo ni matunda ya kazi ya Profesa Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, aliyezitangaza mwaka 1975, katika eneo lile lile la Japani lililopigwa na mawimbi.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Maji ya moto yenye kani kubwa huimumunyua kauri hiyo kidogo kidogo, na nyufa zisizoonekana kwa macho huweza kupitisha gesi zenye mnunurisho. Wafaransa walijaribu kutia katikati ya kauri ganda jembamba la tantalamu, chuma kitokacho katika koltani, madini yachimbwayo Kongo na Rwanda. Kuziba ncha za mirija nako ni taabu, kwani kauri haichomelewi kama chuma.

Kenya, Uganda na Rwanda zimekwisha kutangaza nia ya kujenga vinu vya nyuklia. Vinu vya maji vinavyouzwa leo vingali vikitumia mirija ya zirkoni. Basi swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: umeme ukikatika, pampu zitaendeshwa na nini?