Kwa mgonjwa wa Palma, leza ni tiba ya kurudi kila mara

Damu chooni, iwe Palma au Mtwara, kwanza huitwa bawasiri. Ikiwa si bawasiri, basi ni kuhara damu au kichocho, na kwa kuwa magonjwa hayo yapo kweli katika pwani hii ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na ng'ambo ya mpaka Tanzania, mtu hunywa dawa, akapata nafuu kidogo, akarudi baharini. Saratani ya utumbo mpana huja kujulikana choo kimeshakuwa chembamba, tumbo limejaa na mgonjwa amekonda. Hapo mara nyingi hakuna tena upasuaji wa kuponya. Kinachobaki ni kumpunguzia adha.

Hospitali za Ulaya zilianza kutumia leza kwa kazi hiyo miaka ya 1980. Daktari hupitisha mpira wenye kamera katika njia ya haja kubwa, na ndani yake uzi mwembamba wa kioo unaofikisha mwale kwenye uvimbe. Nyama inaungua, njia inafunguka, damu inakoma. Tumbo halipasuliwi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatari kubwa ni utumbo kutoboka. Na uvimbe ukishashika mishipa ya fahamu ya nyonga, leza haiyatulizi sana maumivu.

Tena uvimbe huota upya, kwa hiyo mgonjwa hurudi baada ya wiki kadhaa, maisha yake yote yaliyobaki. Kwa Palma, hapo ndipo ninaposita. Tangu waasi waliposhambulia mji jirani wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma yenyewe Machi 2021, safari ya kwenda hospitali ya Pemba, makao makuu ya mkoa, si ya kupangia tarehe. Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Wenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma huangalia Mtwara, kisha hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Tofauti na leza, upasuaji wa kutoa utumbo nje ya tumbo ili mgonjwa avae mfuko hufanywa mara moja tu. Msumbiji imekuwa ikifundisha mafundi wa upasuaji wasio madaktari tangu 1984, na wao hupasua matumbo katika hospitali za wilaya. Kinachowatia hofu wengi wa Wamwani, Waislamu wa pwani hii, ni sala: nitasalije na mfuko wa kinyesi ubavuni? Fikihi ililijibu hilo zamani. Mwenye udhuru wa kudumu hutia udhu wakati wa sala ukishaingia, akasali, na sala yake inasihi. Maneno hayo yakitoka kwa shehe, yatamshawishi mgonjwa kuliko yakitoka kwa daktari.

Kwa maumivu ipo mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo ikiwa utumbo haujaziba. Nchini Uganda, ambako daktari Anne Merriman alianzisha shirika la Hospice Africa mwaka 1993, wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika wenyewe bila kumsubiri daktari. Ningekuwa na fedha za kupeleka Palma, ningeanza na muuguzi wa namna hiyo, chupa zake na shehena ya mifuko.