NDEGE WA UANI WATUJULISHAO MAJIRA

Saa kumi na mbili alfajiri, askari aliyekesha lindoni hurudi nyumbani baada ya kukabidhi silaha na kutia sahihi yake katika kitabu. Mkewe amekwisha kuwasha moto wa chai. Watoto wangali usingizini. Hapo ndipo kwarara, wale ndege wa rangi ya majivu wenye mdomo mrefu uliopinda, wapitapo juu ya mabati wakipiga kelele kana kwamba wamedhulumiwa. Wako wawachukiao kwa kelele hizo. Lakini aketiye kibarazani kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akatazama na kusikiliza, huondoka pale akijua mambo ambayo jirani yake aliyelala hayajui: mwaka umefika wapi, mvua i karibu au i mbali, na shamba lidai kazi gani wiki hiyo.

Elimu hii haina ada. Haihitaji darubini wala kitabu cha bei. Yataka macho, subira, na uani wenye mti mmoja.

MAJIRA YA NCHI ISIYO NA BARIDI

Katika nchi za Ulaya majira hutambulikana kwa baridi na joto. Miti hupukutisha majani, theluji huanguka, kisha maua huchipua. Uganda, ambayo mstari wa ikweta wapita ndani yake, haina mambo hayo. Hapa majira ni mvua na ukosefu wa mvua. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, na ukanda wa mawingu hulifuata jua kama mbwa amfuatavyo bwana wake. Kwa sababu hiyo sehemu za kusini, kama Kampala, Entebbe na Masaka, hupata mvua mara mbili: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba au mapema Desemba. Kaskazini, kwa mfano Gulu, mvua hizo mbili hukaribia kuungana zikawa msimu mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba. Karamoja hupata mvua haba kuliko wote.

Askari ahamishwaye kutoka Masaka kwenda Moroto huona tofauti hiyo upesi, na mkewe huiona upesi zaidi, kwani ndiye ashikaye jembe. Mbegu aliyozoea kuipanda Septemba haitapata mvua ile ile aliyoizoea. Yampasa kujifunza upya, na walimu wake wa kwanza ni majirani na ndege.

MWENYEJI NA MGENI

Ndege wa uani ni wa namna mbili: wako wenyeji wakaao mwaka mzima, na wako wageni wajao kwa miezi kadhaa kisha wakaondoka. Kati ya wageni hakuna ajulikanaye zaidi ya mbayuwayu wa Ulaya, mwenye mgongo wa buluu iliyoiva, koo jekundu na mkia wenye panda mbili. Huzaliana Ulaya wakati wa joto la huko. Wadudu wapungukapo kwa baridi, yeye hufunga safari, akavuka bahari na jangwa la Sahara, na kufikia Septemba na Oktoba huonekana amejipanga katika nyaya za umeme kama askari gwarideni. Uzito wake ni kiasi cha gramu 20 tu. Barua iliyo ndani ya bahasha yake huweza kuushinda. Mwezi Machi na Aprili hurudi alikotoka.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege hao waendako. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hujizika katika tope la mabwawa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni kwa mkuki wa Kiafrika, naye alikuwa amesafiri nao hadi huko. Alikaushwa, naye huhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule uliwafundisha wataalamu jambo ambalo mtunga mkuki alilijua tangu zamani, ya kwamba korongo huyo alikuwa Afrika. Kisha mwezi Mei 1911, huko Uingereza, mtu mmoja alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni. Mwezi Desemba 1912 ndege huyo huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Shaka ikaondoka.

Hata hivyo, si kila mbayuwayu aonekanaye ni msafiri. Wako mbayuwayu wenyeji, nao hufanana sana na wageni. Kipimo chepesi ni hiki: akionekana ajenga kiota cha tope chini ya paa la nyumba, huyo ni mwenyeji. Mgeni wa Ulaya hajengi hapa. Nyumba yake na watoto wake viko kaskazini ya mbali.

FUNDI ASIYE NA CHEREHANI

Miongoni mwa wenyeji, mnana ndiye astahiliye kutazamwa na watoto. Ni ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi, ambaye hutundika viota vyake kwa makumi katika mti mmoja. Anayesuka ni dume. Huchana utepe wa jani la mnazi, la mgomba, la mahindi au la tete, akaanza kwa kufunga kitanzi, kisha akasuka chumba kwa mdomo na mguu. Kazi ikimalizika hujining'iniza chini ya mlango wa kiota akipiga mbawa na kuita. Jike huja, huingia, hukagua kama afisa akaguaye mabweni. Akiridhika, hubaki na kutandika ndani. Asiporidhika huenda kwa jirani. Kiota kilichokataliwa kikakauka, dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya, bila malalamiko.

Mnana ana hila nyingine. Yuko kekeo mdogo wa rangi ya kijani ing'aayo ambaye hajengi kabisa. Hunyemelea na kutaga yai lake katika kiota cha mnana ili alelewe mtoto wake bure. Ulinzi wa mnana umo katika rangi. Mayai ya mnana mmoja huwa meupe, ya mwingine buluu, ya mwingine kijani, mengine yana madoadoa na mengine hayana. Lakini kila jike hutaga ya namna moja maisha yake yote. Yai geni lisilofanana na yake hutambulikana, likatupwa nje. Polisi wa zamu langoni hufanya kazi iyo hiyo kwa vitambulisho.

Jambo kubwa kwa mkulima ni kwamba mnana hawezi kusuka kwa jani kavu, maana hukatika. Hungoja majani mabichi, na tena hungoja wadudu wa kuwalisha makinda. Vyote viwili huletwa na mvua.

SAA MBILI ZISIZOLINGANA

Hapa ndipo pana siri ambayo kaya nyingi haziitilii maanani. Ndege wa uani hawafuati saa moja. Mbayuwayu wa Ulaya hufuata saa ya jua. Huko kwao huondoka siku zinapofupika, wala hana habari kama mvua imenyesha Mukono au haikunyesha. Kuja kwake ni ushahidi wa mwezi, si ushahidi wa mvua. Mnana, kinyume chake, hufuata saa ya ardhi. Mvua ikichelewa, naye huchelewa.

Yuko tena tipitipi, yule ndege wa rangi ya kutu mwenye mkia mrefu, ajifichaye vichakani na kutoa sauti kama ya maji yamiminikayo kutoka kibuyuni. Watu wengi husema kwamba yeye huita mvua. Na yuko kekeo mwenye kifua chekundu, aliaye sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, mpaka mtu akachoka kuzisikia. Ndege hao hulia sana kabla ya mvua na wakati wa mvua, kwa kuwa huo ndio wakati wao wa kutafuta wenzi na kutaga. Hawaiagizi mvua, huitegemea tu, kama mkulima.

Kutolijua hilo kwaweza kuugharimu mfuko. Mama wa nyumba hununua kilo kadhaa za mbegu za maharagwe kwa fedha za mshahara wa mwisho wa mwezi. Tipitipi akilia, na manyunyu ya kwanza yakianguka, hukimbilia shambani akazipanda zote siku moja. Mbegu huchipua. Kisha jua hurudi kwa majuma mawili, na miche hukauka mbele ya macho yake. Mbegu hazirudi, wala mshahara haurudi. Na akiba ya chakula iliyokusudiwa kuwafikisha watoto mwisho wa muhula haipatikani tena. Wakulima wengi wa siku hizi husema kwamba mvua zimekuwa ngumu kutabirika kuliko zamani, kwa hiyo kosa hilo limekuwa jepesi kutendeka.

Dawa yake ni kutafuta mashahidi zaidi ya mmoja. Ikiwa mbayuwayu amefika, mwezi umewadia. Ikiwa mnana wanasuka kwa bidii na majani mapya yamechipua, ardhi imeitika. Kisha lichukuliwe jembe. Udongo ukiwa umelowa kina kipatacho urefu wa kiganja, mvua ile haikuwa manyunyu ya kupita. Mwisho, isikilizwe redioni taarifa ya Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa kuhusu msimu. Mashahidi wote wakipatana, mbegu ipandwe. Wakitofautiana, nusu ya mbegu na ikae ndani ya debe.

RAFIKI ALIYESINGIZIWA

Hakuna ndege aliyeonewa kama bundi. Akitua juu ya paa, hupigwa mawe kwa madai kwamba ameleta kifo. Ukweli ni kwamba bundi amefuata panya, na panya wamefuata mahindi yaliyomo stoo. Jozi ya bundi yenye makinda huwinda usiku kucha ili kuyashibisha. Amuuaye bundi huwapa panya likizo, na gunia la mahindi ndilo litakalolipa. Vivyo hivyo, atiaye sumu ya panya ovyo huweza kumuua bundi pia, kwani panya aliyekula sumu huliwa kabla hajafa.

Ndege wengine nao hutoa huduma yao. Korongo na kwarara huokota viwavi na panzi mashambani. Mwezi Novemba, ambao Waganda huuita Musenene kwa sababu ya nsenene, binadamu na ndege hugombea kitoweo kimoja. Ni kweli kwamba shore na kuzumburu hutoboa mapapai, na mnana huchana majani ya migomba. Lakini anayehesabu hasara ya papai moja hana budi kuhesabu pia viwavi walioliwa kabla hawajaufikia mboga.

WAJIBU WA NYUMBA

Kila kaya, hata ile yenye uani mdogo wa kambini, yaweza kuwakaribisha ndege bila gharama. Kwanza, mti uliopo usikatwe kwa sababu ya kelele za mnana. Kelele hizo ni za majira tu, nazo zitakwisha. Pili, liwekwe karai la maji machache mahali peupe, mbali na vichaka aviziapo paka. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku, yasije yakawa malezi ya mbu. Tatu, watoto wakatazwe kutumia manati. Mtoto mwenye shabaha nzuri atafutiwe kopo la kulenga, si kinda lililo kiotani.

Nne, na hili ni la afya, ndege aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mikono mitupu wala asitiwe chunguni. Mwezi Januari 2017, mafua ya ndege yaligunduliwa nchini Uganda kwa ndege wa porini kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe, na kwa ndege wafugwao pia. Wakionekana ndege wengi wamekufa mahali pamoja, au kuku wakifa kwa ghafla, aarifiwe daktari wa mifugo bila kukawia.

DAFTARI LA MTOTO

Jambo la mwisho lagharimu daftari moja la shule. Mtoto aandike tarehe, ndege aliyeonekana na alichokuwa akifanya, pamoja na mvua ya siku hiyo: kubwa, ndogo, au hakuna. Mistari miwili kwa siku yatosha. Baada ya mwaka mmoja familia itakuwa na kalenda ya uani wake yenyewe, na baada ya miaka mitatu itaweza kulinganisha mwaka na mwaka.

Familia za askari huhama mara nyingi. Mtoto huacha shule, rafiki na mti aliouzoea. Lakini daftari huingia sandukuni, na ndege wengi alioandika habari zao atawakuta mbele ya safari. Na baba aliyepelekwa mbali kikazi, akipiga simu jioni, huwa na swali ambalo mtoto hulijibu kwa furaha: mbayuwayu wamekwisha fika? Huenda asubuhi ile ile baba amewaona, huko aliko, wamejipanga juu ya waya.