Kalanusi wa Bahari ya Kaskazini

Kalanusi ni kopepodi wa jenasi Calanus, yaani krasteshia wadogo wanaoelea baharini pamoja na planktoni nyingine. Ni jamaa wa kamba na kaa, lakini mpevu wa Calanus finmarchicus ana urefu wa takriban milimita 3 tu. Katika Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza, Norwei na Denmark, kuna spishi mbili zilizo muhimu: C. finmarchicus, anayependelea maji baridi, na C. helgolandicus, anayependelea maji yenye joto kidogo. Wanafanana mno. Hata wataalamu huwatofautisha kwa kutazama jozi ya tano ya miguu kwa hadubini.

Mtawanyiko

Kopepodi huogelea, lakini hawawezi kushindana na mikondo. Kwa hiyo mahali wanapopatikana hutegemea mikondo hiyo, halijoto, chakula na, jambo linalosahaulika mara nyingi, kina cha maji. C. finmarchicus hupitisha majira ya baridi akiwa kama amelala, mamia ya mita chini ya uso wa bahari, akitumia mafuta aliyojiwekea mwilini wakati mwani mdogo ulipokuwa mwingi. Bahari ya Kaskazini ina kina cha wastani cha mita 90 hivi, na kusini ni kifupi zaidi. Sehemu yake kubwa haina pa kulala. Hivyo wengi wanaoonekana huko katika majira ya kuchipua ni wageni. Wamepanda kutoka vilindi vya kati ya visiwa vya Faroe na Shetland, kisha mikondo imewaingiza kwa upande wa kaskazini. C. helgolandicus hahitaji vilindi hivyo, naye huwa mwingi hasa mwishoni mwa kiangazi na katika majira ya pukutiko.

Mabadiliko na athari kwa samaki

Mwaka 1931 mwanabiolojia Mwingereza Alister Hardy alianzisha upimaji wa kudumu kwa kifaa kinachovutwa na meli za kawaida za biashara. Ndani yake utepe wa hariri hujikunja polepole na kunasa planktoni njia nzima. Kazi hiyo inaendelea hadi leo. Sampuli zake zinaonyesha kwamba katika miaka ya 1960 C. finmarchicus alitawala, kadiri maji yalivyopata joto, hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, alipungua na kurudi kaskazini. C. helgolandicus ameongezeka, lakini hakuziba pengo: jumla ya kalanusi imeshuka.

Hasara hiyo iliwapata samaki wa kodi (Gadus morhua), ambao wachanga wao hula kopepodi. Uvuvi wa kupita kiasi ulichangia sana kupungua kwa kodi, hivyo joto haliwezi kulaumiwa peke yake. Hata hivyo majira hayalingani tena. Kodi hutaga mayai kati ya Januari na Aprili, ilhali kilele cha C. helgolandicus huja miezi kadhaa baadaye, wakati samaki wachanga waliosalia wamekwisha kukua na kuanza kula wanyama wakubwa zaidi.