Magadi Jikoni

Leo twataka kusema habari za magadi, ambayo sisi wa Mbingu tumezoea kuyatia katika maharage na makande. Magadi si mazao ya bonde hili la Kilombero. Hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron la Tanzania na Ziwa Magadi la Kenya, ambako maji hukauka kwa jua yakaacha chumvi.

Kazi yake ni kulainisha ganda la punje, maharage yakaiva upesi na kuni zisiishe. Hilo ni jema. Walakini magadi hayo hayo huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage. Tena mengi yana floraidi, nayo ikizidi huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Madhara hayo huingia jino lingali likiumbika ndani ya ufizi. Ndiyo sababu mzee hula miaka mingi akasema, "Mimi hayanidhuru," kumbe ni mjukuu adhurikaye.

Afadhali kuyaloweka maharage usiku kucha, kisha kuyapika kwa maji mapya. Asiyeweza kuacha magadi na atie chembe tu, na chakula cha mtoto kipikwe mbali. Wengine hulalamika kwamba ladha hupungua. Ni kweli, hupungua kidogo.