Je, Wajua? Maji Ndani ya Injini ya Dizeli

Maji kwenye tangi la dizeli ni balaa, kila dereva anajua. Lakini wapo mafundi wanaoyaingiza maji kwenye injini ya turbo kwa makusudi, tena kwa njia nyingine kabisa.

• Je, wajua kwamba maji hayo hupita njia ya hewa? Pampu huyasukuma hadi kwenye nozeli ndogo iliyofungwa baada ya kipoza hewa, nayo huyapuliza kama ukungu.

• Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya kilojuli 2,260 hivi za joto. Methanoli, ambayo ni aina ya pombe, hunyonya karibu nusu yake tu, ila yenyewe inawaka na kuongeza nguvu. Ndiyo sababu viwili hivyo huchanganywa, mara nyingi nusu kwa nusu.

• Mchanganyiko huo si mgeni. Mwaka 1944 ndege za kivita za Ujerumani aina ya Messerschmitt Bf 109 ziliutumia kwa jina la MW 50, na rubani hakuruhusiwa kuzidisha dakika 10 mfululizo.

• Injini ya petroli hupuliziwa maji ili isigonge. Ya dizeli hupuliziwa ili moshi wake usiwe wa moto kupita kiasi, kwani joto hilo huyeyusha pistoni na kuua turbo gari likiwa na mzigo mzito.

• Joto likishuka, hewa chafu za oksidi za naitrojeni nazo hupungua. Mwaka 1999 meli ya abiria Mariella, iliyokuwa ikisafiri kati ya Helsinki na Stockholm, ilianza kutumia mvuke wa maji ya bahari kwa kazi hiyo.

• Dizeli huwaka kwa mgandamizo, bila plagi. Methanoli ikizidi inaweza kuwaka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Maji nayo hayashindiliki: yakijaa kwenye silinda, konrodi hupinda. Kwa hiyo pampu haipaswi kufanya kazi mpaka turbo iwe inasukuma hewa ya kutosha.

• Methanoli ni sumu inayopofusha na hata kuua, na mwali wake hauonekani vizuri mchana.

Gari lako likitoa moshi mweusi, kagua kwanza chujio la hewa, nozeli za dizeli na turbo. Maji hupoza injini nzima iliyoelemewa na kazi. Injini mbovu hayaiponyi.