Fedha ya Kahawa na Siku za Uzee: Tuweke Kiasi Gani?

Wajua mambo yalivyo huku kwetu Mbinga fedha ya kahawa inapofika. Mapera, Litembo, Kigonsera, kila mahali maduka yajaa watu. Mabati yanunuliwa, pikipiki zanunuliwa, karo za watoto zalipwa. Kisha mvua zinapochanganya, hata aliyepata nyingi huenda kukopa chumvi. Hatusemi hivyo kwa kumcheka mtu. Twasema kwa sababu kuna deni moja lisilokumbukwa siku ya malipo, nalo ni deni la uzee wetu wenyewe.

Wazee wetu walitegemea watoto na shamba. Watoto bado wapo, lakini wengi wako Songea na Dar es Salaam, nao wana watoto wao wa kulisha. Shamba lililotosha nyumba moja limegawanywa kwa wana watatu au wanne. Basi swali si tena kama yafaa kuweka akiba ya uzee. Swali ni kiasi gani.

Tuanze na mwenye mshahara, maana kwake sheria imekwisha kuamua. Mfuko wa akiba wa taifa ulianzishwa mwaka 1964, na sheria ya mwaka 1997 ikaufanya kuwa NSSF. Mfanyakazi wa kampuni huwekewa humo sehemu 20 katika kila 100 za mshahara wake, naye mwenyewe hakatwi zaidi ya 10. Mwalimu wa serikali yumo katika PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018. Yeye hukatwa 5, na serikali humwekea 15. Tena fedha aliyokatwa haitozwi kodi ya mshahara. Tuseme mwalimu apata Shs. 600,000/- kwa mwezi. Hukatwa Shs. 30,000/- za uzee, na kodi hupigwa juu ya Shs. 570,000/- zilizobaki. Kwa viwango vya kodi vya mwaka 2024, jambo hilo lampunguzia kodi Shs. 6,000/-. Kwa hiyo ameweka Shs. 30,000/-, lakini mfukoni mwake zimepungua Shs. 24,000/- tu. Kijana wako akipata kazi, mwambie asinung'unikie makato hayo.

Mkulima hana mwajiri wa kumwongezea, wala hakatwi kodi ya mshahara. Lakini mlango haukufungwa. Aliyejiajiri, awe mkulima au mvuvi, aweza kujiunga na NSSF kwa hiari yake. Jirani zetu nao walifanya hivyo: mwaka 2011 huko Kenya ulianzishwa mfuko ulioitwa Mbao, wa mafundi na wachuuzi, na kipimo chake kilikuwa shilingi 20 za Kenya kwa siku.

Sasa chukua kalamu, ukae na mama wa nyumbani, mfanye hesabu pamoja. Msiangalie mwaka mmoja mzuri. Mnamo Februari 2025 bei ya kahawa duniani ilipanda kuliko wakati wowote, lakini mwaka 2001 ilianguka hata wengine wakaacha kupalilia. Yafaa kuhesabu misimu mitatu.

Tuseme nyumba moja ilipata Shs. 2,400,000/- msimu wa kwanza, Shs. 900,000/- wa pili, na Shs. 1,500,000/- wa tatu. Mbolea, dawa, karo na mahitaji ya nyumbani vyataka Shs. 1,240,000/- kila mwaka. Msimu wa kwanza zabaki Shs. 1,160,000/-. Msimu wa pili zapungua Shs. 340,000/-. Msimu wa tatu zabaki Shs. 260,000/-.

Waona hatari iko wapi? Baba akizifunga Shs. 1,160,000/- zote katika akiba ya uzee, mwaka unaofuata atakopa Shs. 340,000/- kwa riba, maana fedha ya uzee haitoki kila unapoitaka. Baba mwingine asema, "Nitaanza mwakani," na fedha yote yaisha kwa pikipiki. Wote wawili wamekosea hesabu. Njia iliyo salama ni hii: kwanza ulipe madeni ya chama cha msingi. Pili, uweke pengo la mwaka mbaya mahali pasipofungwa, kama SACCOS au benki, na uongeze kidogo kwa ajili ya magonjwa. Tuseme Shs. 560,000/-. Ndipo Shs. 600,000/- zilizobaki ziende kwenye akiba ya uzee. Mwaka mbaya ukija usiweke kitu, au uweke kidogo, bila aibu. Mwaka mzuri uongeze.

Umri nao utazamwe. Kwa mwenye mshahara, pensheni ya uzee ya NSSF yataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Aliyeanza na miaka 45 hana mwezi wa kupoteza. Anayejiunga kwa hiari na amekwisha kupita hapo, aulize kwanza ofisini atapata nini, kabla hajatoa senti moja.

Wala usiweke akiba yote katika fedha, kwa maana shilingi hupungua nguvu. Kituo cha TaCRI cha Ugano kina miche ya kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kung'oa mibuni mizee na kupanda mipya ungali na nguvu ni akiba ya uzee pia, nayo yaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Anayejua kulima ngolo ameelewa: nyasi afukiazo leo ndizo zitakazomlisha mwakani.

Ninyi wa ziwani, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, fedha yenu ya dagaa haiji kwa msimu mmoja kama ya kahawa. Kwenu yafaa kutoa sehemu ndogo kila siku mtumbwi urudipo na samaki. Shilingi 1,000 kwa siku 300 ni Shs. 300,000/- kwa mwaka.

Mwisho, mambo mawili. Stakabadhi zote zitunzwe pamoja, wala usimpe fedha mtu asiyekupa stakabadhi. Na jina la mke na watoto liandikwe katika karatasi za mfuko wakati baba yu hai, na mama ajue karatasi ziko wapi. Wajane wengi wamehangaika ofisi hata ofisi kwa sababu hawakuambiwa kamwe kwamba kulikuwa na akiba. Fanyeni hesabu hiyo jioni moja wiki hii, kabla kahawa haijapimwa.