Mkwanja wa Msimu, Bando la Siku

Tuongee ukweli. Mkorosho unalipa mara moja kwa mwaka, simu inadai kila siku. Hapo katikati ndipo masela wa Mnero, Nachingwea, tunapoishi siku hizi, na ndiyo maana unaweza kumkuta mwana ana ekari tano za mikorosho inachanua vizuri kabisa, halafu anakuomba jero ya bando.

Madingi zetu hawakuijua hii noma. Mwaka wao ulikuwa na mdundo wake. Ufuta unavunwa kuanzia Mei, mbaazi zinafuata, Oktoba korosho zinaanza kudondoka na masikio yote yanageukia mnada. Mshiko ukitoka, bati linanunuliwa, deni la dukani linalipwa, sare za shule zinashonwa, ngoma inapigwa. Ukikata, umekata. Mnarudi kwenye ugali wa muhogo na kisamvu mpaka msimu mwingine, na hakuna wa kumcheka mwenzake kwa sababu kijiji kizima kimefulia kwa pamoja.

Sasa hivi kila mtu anafulia kivyake. Ukikaa siku mbili bila bando, umepitwa na mchongo wa kibarua, umepitwa na mchango wa msiba, umepitwa hata na matokeo ya mechi ya Namungo. Ukirudi hewani unakuta meseji mia tatu, na ya mwisho inauliza, "Mbona huyu yuko kimya, au ndo kakwepa mchango?"

Hesabu haina masika

Pita kijiwe chochote cha boda, Mnero, Nachingwea mjini au Ruangwa. Stori zote zinaishia sehemu moja: hesabu. Boda nyingi si mali ya anayeendesha. Tajiri ananunua pikipiki, dogo anapewa mkataba, analeta hesabu kila siku mpaka mkataba uishe, ndipo chombo kinakuwa chake. Tuseme hesabu ni buku saba. Kwa mwaka mzima hiyo ni zaidi ya milioni mbili na nusu, na bado mafuta, tairi, cheni na faini zinakungoja. Ukiumwa malaria unamwita deiwaka akushikie chombo, maana homa yako haimhusu tajiri.

Novemba mambo ni moto. Wakulima wamelipwa, kila mtu ana safari, unabeba mishikaki ya watu watatu na gunia juu, trafiki akiwa mbali. Njoo Februari sasa. Mvua inapiga, njia ni tope, abiria wako yuleyule anakwambia, "Mwanangu, nipeleke, nitakupa korosho zikitoka." Ni mzee wa watu, anakuita mwanangu, umekua unamwamkia shikamoo kila asubuhi. Utamkatalia? Unampeleka. Jioni tajiri anapiga simu, na huyo hapokei ahadi ya korosho. Msimu umekaa upande mmoja wa pikipiki na siku upande wa pili, dogo wa watu katikati anabanwa mbavu.

Simu za mkopo nazo zimeingia na staili hiyohiyo. Unatanguliza kidogo, unaondoka na simu janja inang'aa, unalipa kila siku. Ukichelewa inajifunga yenyewe, unabaki umeshika kioo. Na ukiwa kijijini, simu iliyofungwa Machi inaweza kukaa hivyo mpaka ufuta uuzwe.

Mnada umehamia kwenye skrini

Tusizingue lakini, teknolojia haijaja na stresi tu. Zamani bei ya korosho ilikuwa kama siri ya ukoo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kusini mwaka 2007, mkulima alianza kupeleka mzigo AMCOS, yaani chama chake cha msingi, mzigo unakwenda ghalani, wanunuzi wanashindana kwa zabuni. Huku kwetu chama kikuu ni RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Miaka mingi zabuni zilikuwa za kwenye makaratasi. Siku hizi mauzo yanapita kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX, bei zinatokea kwenye skrini wakulima wakiwa wamekaa wanatazama. Dogo mwenye simu anapiga picha, anarusha kwenye grupu, na bibi aliyeko shambani anajua bei kabla kikao hakijafungwa. Oktoba 2024 minada ya kwanza ya msimu kule Mtwara ilifunguka kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, na wengi wetu tuliisikia kwenye status kabla ya redio.

Hela nayo haiji tena kwenye mfuko wa rambo. Inaingia kwenye akaunti, unahamishia kwenye simu, unatoa kwa wakala. Kuna raha yake, mwizi hajui umelala na shilingi ngapi. Ila kila hatua ina makato yake: ada ya kuhamisha, ada ya kutoa. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, watu wengi walirudia kubeba noti mkononi, mpaka serikali ikazipunguza.

Na kuna kitu kinachekesha ukikiwaza. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi, zinapanda meli kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Halotel, mtandao ulioingia sokoni mwaka 2015 ukakimbilia vijijini ambako wengine walikuwa wanasuasua, ni wa kampuni ya Viettel ya hukohuko Vietnam. Yaani tunawauzia korosho, halafu sehemu ya hela ileile inawarudia kwa njia ya vocha. Mzungusho umekamilika, na kazi ya kubangua, yenye ajira za vijana, imebaki kwao.

Kangomba kavaa suti

Kila mtu wa kusini anamjua kangomba. Ni yule jamaa anayekuja mwezi wa nane, nyumba haina hela, mtoto anaumwa, anakwambia, "Nikupe buku kwa kilo sasa hivi, korosho utanipa zikidondoka." Oktoba mnada unasoma buku tatu na ushei. Mzigo ni wako, jasho ni lako, faida ni yake. Serikali imempiga marufuku, imemkimbiza, na mwaka 2018 ilimwandama kwelikweli. Ule msimu wakulima waligomea bei za wanunuzi, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakapewa kazi ya kubeba mzigo. Kabla ya kulipwa ilibidi uhakikiwe kwamba shamba unalo kweli na wewe siyo kangomba. Bei ilikuwa tamu, ila wengine walikaa miezi wakisubiri malipo, na humo kwenye kusubiri kangomba mwingine akapata wateja.

Huyu wa sasa haji na bakuli wala mizani. Anakaa ndani ya simu. Unapakua programu, unajaza namba ya NIDA, dakika mbili mkwanja umeingia. Tuseme umeomba thelathini elfu, inaingia ishirini na mbili, na baada ya siku saba wanataka thelathini yao kamili. Siku saba! Kwenye kijiji ambacho hela inakuja Oktoba! Ukishindwa, wanaanza kuwapigia watu wote kwenye simu yako: mchumba, mwalimu wako wa zamani, shehe, padri. Mtaani tunaiita kausha damu, na haijaonewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Safi. Lakini ukifunga 69 bila kugusa ile njaa ya Februari, ya 70 itapata wateja kabla ya saa nne asubuhi.

Hapo hatujagusa mkeka wa kubeti. Jioni kwenye kibanda umiza masela wamejazana mbele ya skrini, nusu wanashabikia timu, nusu wanashabikia karatasi. Mechi ya Ulaya ambayo hata wachezaji wake hatuwajui inapiga mtu presha. Timu moja inazingua dakika ya tisini, mkeka unachanika, na hesabu ya kesho imeondoka nao. Wanaosema vijana ni wavivu wakae wafikirie: mtu ambaye kilimo kinamlipa baada ya miezi na kibarua hakipo, akionyeshwa kitu kinacholipa usiku huuhuu, atakikodolea macho tu.

Ahadi kubwa tumeshaziona

Nachingwea siyo ngeni kwa ahadi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakafyeka pori kwa matrekta, wakajenga reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Leo upande wa Ruangwa ahadi ni kinywe, madini yanayoingia kwenye betri za magari ya umeme. Ruangwa imechangamka, ina uwanja, ina Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na mwaka uliofuata ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mzuka tunao. Ila dogo wa Mnero anayesubiri mgodi umpigie simu, akumbuke reli.

Wanaotoboa kimyakimya kitaani ni akina dada. Anakaa kwenye kibanda cha wakala, pembeni anauza vocha, chaja na mandazi. Jioni anatoa buku la kikoba. Wiki hii anaweka, mwezi ujao anakopa kwa watu anaowajua, kwa riba waliyokubaliana wenyewe, na akichelewa wanakuja kumsalimia nyumbani, hawatumi meseji ya matusi kwa mama mkwe. Msimu wa korosho ukitiki, hakimbilii kununua sabufa. Anagawa: hii ya salfa na palizi ya mwakani, hii ya kuongeza mtaji wa uwakala, hii ya kula bata kidogo, maana naye ni binadamu. Mtaji unamlipa kila siku, shamba linamlipa kila mwaka, na deni lake linafuata mwendo wa hela yake.

Masela tunamcheka eti mbahili. Tunamcheka Novemba, Machi tunamkopa.

Hata mambo ya asili yamebadili saa. Jando na unyago vilikuwa vinafuata mavuno, ghala likijaa ndipo ngoma inaitwa. Sasa vinasubiri likizo ya shule, wengine jando wanamalizia hospitali, na uwanjani singeli inatoka kwenye spika. Bibi zetu hawajapoteza kitu cha maana kwa kubadili ratiba, kwa sababu waliibadili wenyewe, wakijua wanataka nini.

Na sisi tujiongeze hivyohivyo. Kila mchongo ukikujia, uwe boda ya mkataba, simu ya mkopo, programu ya thelathini elfu au kangomba wa kizamani, usiulize unakupa shilingi ngapi. Uliza vitu viwili tu: utanilipa lini, na utaanza kunidai lini? Mchongo ukianza kudai kabla haujalipa, na wewe hela yako iko juu ya mkorosho, kausha. Pita hivi.